Marudio ya mzigo yalipita vizuri. Je, seva mpya inatosha?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa mifumo katika SACCOS moja hapa Tanzania. Tunahama kutoka hifadhidata ya PostgreSQL toleo la 12 kwenda la 16 kwenye seva mpya. Nilirekodi shughuli za hifadhidata kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi, kisha nikazirudia kwa pgreplay (programu inayosoma logi na kutuma tena amri zilezile) kwenye seva mpya niliyoijaza bekapu ya usiku uliotangulia, kasi nikaweka 3, yaani mara tatu ya kawaida. Iliisha kwa dakika 40 bila kuchelewa. Makosa yalikuwa mengi kwenye logi, lakini fundi aliyetuuzia seva anasema ni ya kawaida. Ameandika ripoti kwamba sasa tunaweza kubeba wanachama mara tatu, na ameshauri tuzime fsync (mpangilio unaohakikisha data imeandikwa kweli diskini) ili kasi iongezeke zaidi. Bodi inataka kupokea seva wiki hii. Nisaini?

JIBU: Usisaini, na ripoti hiyo isifike kwa mwenyekiti wa bodi ikiwa hivyo ilivyo.

Ulirekodi dakika 120, ukaiagiza pgreplay iende kwa kasi ya 3. Gawanya mwenyewe. Hiyo 40 haikutoka kwenye seva, uliiandika wewe kwenye amri. Seva imekwambia jambo moja tu: kwamba haikuachwa nyuma na ratiba. Nalo halina thamani mpaka tujue ilikuwa inafanya kazi gani muda wote huo. Ripoti za namna hii naletewa kila mara, na ni nadra nikute aliyejiuliza swali hilo.

Amri inayogonga kosa hurudi upesi kuliko inayofanya kazi yake hadi mwisho. Kwa hiyo makosa mengi maana yake ni mzigo mwepesi. Lakini makosa angalau unayaona kwenye logi. Kinachonisumbua zaidi ni kile ambacho logi haikionyeshi. Tuseme saa 3:20 mwanachama aliomba mkopo. Mfumo ukaingiza rekodi, PostgreSQL ikatoa id (namba ya utambulisho) 88213, na programu ikaitumia id hiyo kwenye UPDATE (amri za kubadilisha rekodi) zilizofuata. Logi ilizinakili UPDATE hizo na 88213 yake ndani, herufi kwa herufi. Sasa kwenye bekapu ya usiku sikwensi (kihesabio kinachotoa namba hizo) iko nyuma, kwa hiyo mkopo uleule unapewa namba nyingine, tuseme 88150. UPDATE zinakwenda kuitafuta 88213. Ama hazikuti kitu, ama zinabadilisha mkopo wa mtu mwingine kabisa. Zisipokuta kitu, PostgreSQL inajibu UPDATE 0, na hilo si kosa. pgreplay hailinganishi idadi ya rekodi zilizoguswa, inahesabu tu kwamba amri imepita. Kazi iliyokuwa nzito asubuhi ile imegeuka kuwa kuchungulia indeksi na kukosa. Hilo ni lori lililopanda mlima Kitonga likiwa tupu, na mtu anaisifia injini.

Tarehe nazo hufanya vivyo hivyo. Kama ulirudia siku nyingine bila kurudisha saa ya seva, kila kwiri (ulizo kwa hifadhidata) inayotumia current_date kutafuta miamala ya leo ilikuta leo hakuna muamala, ikamaliza papo hapo.

Kuhusu wanachama mara tatu, kasi ya 3 haiongezi mwanachama hata mmoja. Inabana muda kati ya amri na amri. Miunganisho ni ileile uliyorekodi, akaunti ni zilezile, na data inayohitaji kukaa kwenye RAM ni ileile ya saa mbili. Wanachama mara tatu wangekuja na miunganisho yao, wangegusa akaunti nyingine, wangegombania kufuli nyingine. Tena ndani ya kila muunganisho pgreplay inasubiri jibu kabla ya kutuma amri inayofuata, hivyo seva ikizidiwa mzigo hujipunguza wenyewe. Wanachama walioko foleni na simu mkononi hawafanyi hivyo.

Rudia jaribio, safari hii nakala ianzie pale pale rekodi inapoanzia. Kama unahifadhi WAL (kumbukumbu ya kila badiliko la data), rejesha bekapu kwenye PostgreSQL 12 ya majaribio, weka recovery_target_time iwe saa ulipoanza kurekodi, ndipo uipandishe kwa pg_upgrade. Hata hapo kagua sikwensi: PostgreSQL huziandika kwenye WAL zikiwa zimetangulia hadi namba 32, kwa hiyo baada ya urejeshaji zinaweza kuruka mbele. Chukua thamani zake kwenye mfumo halisi unapoanza kurekodi, uzirudishe kwa setval. Bado id chache zitapishana miunganisho ikikimbizana, hilo utalivumilia. Kisha endesha vacuumdb na ANALYZE, kwa sababu kabla ya toleo la 18 pg_upgrade haikuwa inahamisha takwimu za mpangaji wa kwiri. Nimeona watu wakiilaani seva nzima kwa kusahau hatua hii.

Kipimo chenyewe kiko pg_stat_statements, takwimu za kila kwiri. Isafishe kwenye mfumo halisi unapoanza kurekodi, nakili matokeo unapomaliza, ufanye vivyo hivyo kwenye marudio ya kasi ya 1. Angalia calls (imeitwa mara ngapi) na rows (rekodi ngapi) kwanza, muda baadaye. Kwiri iliyogusa rekodi elfu kumi asubuhi na mia mbili kwenye marudio, muda wake usiutazame hata kidogo. Oanisha kwa maandishi ya kwiri, maana queryid (namba inayopewa kwiri) hubadilika toleo hadi toleo. Na usilinganishe marudio na mfumo halisi peke yake: rudia kwenye nakala ya seva ya zamani pia, mara kadhaa, ukirejesha nakala upya kila mara, la sivyo utakuwa unapima RAM iliyokwisha pata moto.

fsync usiiguse. Umeme ukikatika ikiwa imezimwa, hifadhidata nzima inaweza kuharibika kiasi cha kutofunguka. Anayeshauri hivyo kwa chombo kinachotunza akiba za watu hafai kuachiwa nenosiri la seva. Mimi siwezi kulisema hilo kwa upole.

Mafundi wa aina hii wako kila mahali na hawabagui teknolojia. Database Replay, zana ya marudio ya hifadhidata ya Oracle iliyoanza na toleo la 11g, inaheshimu mpangilio wa commit (kukamilisha miamala) na inatoa ripoti ya tofauti za makosa na za idadi ya rekodi. Bado wapo wanaoiruka ripoti hiyo na kumpelekea mteja grafu ya muda pekee. Ukiletewa grafu ya muda, dai jedwali la rekodi zilizoguswa. Asiye nalo hajajaribu chochote, na asilipwe.

Muulize pia fundi wako logi zako ziko wapi sasa. Ukiwa umewasha log_statement = all (kurekodi kila amri), mle ndani mna majina, namba za simu na salio za wanachama, zote zikisomeka. Kama aliondoka nazo kwenye flashi, hilo ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na atakayeulizwa ni SACCOS. Na kabla ya marudio mengine, ifungie seva ya majaribio njia zote za nje, wanachama wasije wakapokea SMS za makato ambayo hayapo.

Najua haraka inatoka wapi: toleo la 12 liliacha kupata marekebisho Novemba 2024. Hameni, lakini bodi isubiri hadi mishahara iingie. Rekodi siku hiyo, pamoja na kazi ya usiku ya kukokotoa riba. Asubuhi moja ya katikati ya mwezi haijawahi kuiangusha SACCOS yoyote.