Kwenu Mnaotangaza Mshindi Siku ya Pili

Wadogo zangu,

Jumatano iliyopita mmoja wenu alisimama kando ya birika la chai akatutangazia kwamba toleo B la ukurasa wa kujiandikisha kupokea jarida la mteja kwa barua pepe limelishinda toleo A kwa asilimia 60. Nilipomwuliza idadi yenyewe, alisema A limeandikisha watu 10 na B watu 16, na kwamba jaribio, yaani kuwagawa wageni wa ukurasa kati ya matoleo hayo mawili, liliwashwa Jumatatu jioni. Simtaji jina, maana kila kundi la wanagenzi linalofika katika ofisi hii ya Kisumu huniletea mshindi wa aina hiyo kabla halijajua hata nywila ya intaneti. Nimelisema jambo hili kwa mdomo hadi nimechoka. Sasa naliandika, na atakayelirudia baada ya kusoma atainunulia ofisi nzima chapati.

1. Kadirieni idadi ya wageni kabla ya kuwasha jaribio. Hesabu yake ya haraka mnaijua, ila hamuitumii: chukueni kiwango cha sasa cha kujiandikisha kwa desimali (asilimia 5 ni 0.05), mkizidishe kwa kile kinachobaki kufikia 1, mzidishe tena kwa 16, kisha mgawanye kwa mraba wa tofauti mnayotaka kuigundua. Ukurasa unaoandikisha asilimia 5 ya wageni, mkitaka kujua kama umepanda hadi asilimia 6, unahitaji wageni wapatao 7,600 kwa kila toleo, na hapo bado mna nafasi moja kati ya tano ya kuikosa tofauti ambayo ipo kweli. Wateja wetu wengi wa Kakamega na Busia hawapati wageni hao kwa msimu mzima. Kwa hiyo acheni kuniletea majaribio ya rangi ya kitufe. Jaribuni mambo makubwa, kama vile ahadi mnayompa msomaji, kichwa cha habari au jambo analopokea papo hapo, kwa sababu tofauti kubwa huonekana hata kwa wageni mia kadhaa.

Na msichungulie dashibodi, ule ukurasa unaoonyesha matokeo, kwa nia ya kukata shauri. Matoleo mawili yasiyotofautiana hata kidogo, yakipimwa kwa kigezo cha asilimia 5 mara moja tu, mwishoni, yatawadanganya mara 1 kati ya 20. Mkiyakagua mara 10 njiani, mkiwa tayari kusimama popote mnapoona mshindi, uwezekano wa kudanganyika hufika karibu 1 kati ya 5. Mkulima wa Trans Nzoia hachagui kati ya mbegu mbili kwa kuangalia mahindi yaliyofika magotini, na si ajabu kwamba hesabu tunazotumia zilitokana na mashamba: Ronald Fisher alizikuza katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikoanza kazi mwaka 1919. Jaribio liishe kwa wiki kamili, maana mgeni wa Jumatatu asubuhi si mgeni wa Jumamosi usiku, na anayesoma mwisho wa mwezi akiwa na bando ana subira kuliko anayesoma tarehe 20.

2. Ladha ya ofisi si ushahidi. Desemba 2007, kundi la kampeni ya Barack Obama kule Marekani lilijaribu ukurasa wa kukusanya anwani za barua pepe kwa vitufe 4 na picha au video 6, yaani michanganyiko 24. Wahusika walipenda video mojawapo, na kama wangefuata mioyo yao wangeitumia. Video zote zilishindwa na picha zote. Mchanganyiko ulioshinda ulikuwa picha ya familia pamoja na kitufe cha kumwalika mgeni ajifunze zaidi, na ulipandisha kiwango kutoka asilimia 8.26 hadi 11.6. Sisi wa upande huu wa ziwa hupenda kujidai sehemu yetu katika habari hiyo kwa kuwa kaburi la babake liko Kogelo, lakini tukijidai tuikumbuke na idadi nyingine: jaribio lile lilipitiwa na wageni 310,382, karibu 13,000 kwa kila mchanganyiko. Ninyi mkiwa na wageni 400 mnataka kujaribu michanganyiko 6. Jaribuni miwili.

3. Kujiandikisha si kusoma. Hapa nitakaa, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mimi, na nililifanya nikiwa nimefuata kanuni zote za hapo juu.

Tulikuwa na mteja aliyeuza miche ya parachichi upande wa Bahati, Nakuru. Orodha yake ilikuwa ndogo lakini yenye uhai: kila jarida lilipotoka, wakulima walijibu kwa maswali, wengine wakituma picha za majani yenye madoa na kuuliza wafanyeje. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia, na mteja alitaka orodha ikue kabla watu hawajaanza kuchimba mashimo. Nikaandaa matoleo mawili ya ukurasa. La kwanza liliahidi kalenda ya upandaji na utunzaji wa miche. La pili liliahidi nafasi ya kushinda bando. Nilikadiria idadi ya wageni, nikaendesha jaribio kwa wiki kamili, sikuchungulia. Ukurasa wa bando uliushinda wa kalenda kwa pengo ambalo halikuhitaji mtaalamu wa takwimu kuliona. Nilichora grafu nzuri, nikampelekea mteja, akafurahi, tukaongeza pesa za matangazo ya Facebook na kuwapeleka wageni wote kwenye ukurasa huo mmoja.

Jarida la kwanza lilipotumwa kwa orodha mpya lilizungumzia mitaro ya kutoa maji shambani, kwa sababu mizizi ya parachichi huoza ardhi ikituamisha maji. Majibu yakaanza kumiminika. "Bando iko wapi?" "Nimeshinda ama bado?" Mmoja aliandika kwa herufi kubwa kwamba yeye anaishi Mombasa kwenye nyumba ya kupanga na hana haja ya mti wowote. Anwani nyingi zilirudisha barua kwa kuwa hazikuwepo. Hao walikuwa afadhali, kwani wengine walibofya kitufe cha kuripoti taka, na kila ripoti ya aina hiyo huhesabiwa dhidi ya kikoa cha mtumaji (lile jina linalofuata alama ya @ katika anwani yake), si dhidi ya barua ile moja tu. Mimi nilikuwa nikitazama idadi ya orodha ikipanda, nikajiambia kwamba malalamiko ni dalili ya ukuaji. Nikatuma jarida la pili, na la tatu.

Kisha mzee mmoja, mkulima ambaye alikuwa hakosi kutujibu, akapiga simu ofisini. "Kijana wangu, mbona mmeninyamazia? Miche yangu inanyauka na sijasikia neno lenu tangu mvua ianze." Nilimwambia tunatuma kila wiki. Akasema hakuna kitu. Nikamwomba aangalie folda ya taka, akaniuliza folda hiyo ni nini. Ikabidi simu apewe binti yake, naye akaifungua na kuanza kunisomea vichwa vya barua zetu kimoja baada ya kingine. Ile ya mitaro ilikuwa pale, haijafunguliwa. Sikuwa na la kumwambia mzee zaidi ya pole. Kwa tamaa ya kuwapata watu waliotaka bando, nilikuwa nimewafungia mlango wale waliotaka parachichi.

Kilichotuokoa ni kwamba fomu zetu zilikuwa zikihifadhi chanzo cha kila anwani. Tulisimamisha utumaji, tukawatenga wote walioingia kupitia ukurasa wa bando, tukawatumia barua moja ya kuwaomba wathibitishe kama wanataka jarida la kilimo, na tukawafuta walionyamaza. Idadi kubwa ilifutika, na kumweleza mteja kwa nini grafu yangu nzuri imeporomoka ni mazungumzo ambayo siwatakii. Halafu tulianza upya kwa kuwatumia wale waliokuwa wamebofya au kujibu karibuni, tukawaongeza wengine kidogo kidogo. Sifa ya kikoa hurudi polepole mno kuliko inavyopotea.

Kwa hiyo takwimu zangu zilikuwa sahihi, swali ndilo lililokuwa baya. Tangu siku hizo, kipimo cha ofisi hii ni idadi ya watu waliobofya au kujibu walau mara moja ndani ya siku 30, ikigawanywa kwa wageni wote wa ukurasa. Tuseme wageni 1,000 wanapita kila upande: toleo A linaandikisha 50 na 30 kati yao wanabaki wakisoma, toleo B linaandikisha 120 na wanaobaki ni 18. Mshindi ni A, hata kama dashibodi inawaka rangi ya kijani upande wa B. Ndiyo, ina maana kwamba matokeo mtayasubiri kwa mwezi mzima baada ya mgeni wa mwisho. Subirini. Na kwa kuwa wanaohesabiwa ni wachache zaidi, ile hesabu ya hoja ya kwanza ifanyeni kwa kiwango hiki kidogo, si kwa kile cha kujiandikisha.

4. Msiniletee viwango vya kufungua barua kama ushahidi. Barua huhesabiwa imefunguliwa pale picha iliyofichwa ndani yake inapopakuliwa. Tangu Septemba 2021, Apple ilipoanzisha ulinzi wa faragha katika programu yake ya barua, picha hupakuliwa zenyewe hata kama msomaji hajaigusa barua, na kwa hiyo mtu aliyelala anaweza kuonekana amefungua.

5. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo huwataka wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe vikoa vyao kwa SPF, DKIM na DMARC (taratibu za kuonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa), waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na ripoti za taka zisifike asilimia 0.3, yaani 3 kwa kila 1,000. Kwa hiyo msiwahi kukificha kiungo cha kujiondoa, kwa kuwa asiyekiona atabofya kitufe cha taka.

6. Fungueni ukurasa wenu kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando lenu wenyewe, mkiwa ndani ya matatu ya kwenda Ahero, ndipo mniambie kama ile picha kubwa ya juu inafaa.

7. Ombeni anwani ya barua pepe peke yake. Jina la kaunti na ukubwa wa shamba mtauliza katika barua ya kwanza. Barua hiyo itumwe papo hapo, iwe na kile kilichoahidiwa, na imalizike kwa swali moja rahisi. Yule mteja wa parachichi tulimwandikia "Una miche mingapi, na ardhi yako ni ya aina gani?", na waliojibu swali hilo ndio waliokuja kununua. Mmoja alijibu kwa kuchora ramani ya shamba lake kwa kalamu na kuipiga picha, pamoja na choo, zizi la ng'ombe na mpaka anaogombania na jirani.

8. Kisanduku cha idhini kisiwe kimetiwa alama tayari. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini itolewe kwa kitendo cha wazi cha mhusika mwenyewe, na mzigo wa kuthibitisha kwamba aliitoa uko juu yetu. Hifadhini tarehe, saa na toleo la ukurasa alilolitumia kila mtu. Ni kumbukumbu hiyohiyo iliyotuokoa kwenye mkasa wa bando, hivyo hata asiyeogopa sheria ana sababu.

9. Kabla ya kuwasha jaribio lolote, jazeni jedwali lililo katika folda ya pamoja: dhana, idadi ya wageni inayohitajika, tarehe ya kumaliza, na kipimo cha siku 30. Majaribio matatu yanayoendelea sasa hivi hayana tarehe ya kumaliza, na moja, ambalo nadhani mwenyewe anajijua, limeandikwa katika safu ya dhana maneno "tuone tu". Nitalizima Ijumaa saa sita mchana kama halijarekebishwa.