Rangi Mpya Hunitia Wasiwasi: Mkaguzi wa Nyumba Ajibu Barua Zenu

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu nusu yake zinauliza habari za nyufa. Nimechagua moja ya ufa, nyingine nimechanganya. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: kabla ya kuwa mkaguzi nilikuwa mwashi, nikajenga na kupiga plasta miaka kumi na minne. Makosa mengi ninayoyataja hapa nimewahi kuyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, na mengine nililipwa kuyafanya.

Shikamoo fundi. Nina ufa unaoanzia kona ya juu ya dirisha la chumbani na kupanda mshazari hadi karibu na dari. Nimeuziba na kuupaka rangi mara tatu, na mara zote tatu umerudi. Nitumie plasta gani?
*Mwenye nyumba aliyechoka kuziba*

Marahaba. Usitumie plasta yoyote. Ufa uliorudi mara tatu si shida ya plasta. Ni ukuta unaotembea, na plasta haijawahi kuzuia ukuta kutembea. Tena kila ulipoziba ulifuta ushahidi. Mimi nikija leo nitaona rangi safi na ufa mchanga, nami nitashindwa kujua kama kitu hiki kina miezi miwili au miaka sita.

Uache wazi. Chukua penseli, weka kistari pale unapoishia juu na pale unapoanzia chini, uandike tarehe pembeni. Kisha chagua sehemu moja, pima upana kwa rula, andika. Rudia kila mwezi, palepale. Penseli hiyo itakupa jibu ambalo fundi aliyekuja mara moja hawezi kukupa.

Wakati unasubiri, linganisha. Nyufa nyembamba kama unywele, zisizofika milimita 1, zilizotapakaa ukutani kama mistari ya kiganja, kwa kawaida ni plasta iliyokauka haraka kuliko ilivyotakiwa. Hizo ziba, paka, lala usingizi. Lakini ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha au mlango, unaofuata viungo vya tofali kama ngazi, unaoonekana ndani na nje mahali palepale, huo ni jamaa mwingine. Ukifika milimita 5, au ukiona mlango wa chumba hicho umeanza kukwama kwenye fremu wakati zamani ulifungika kwa kidole, mwite mhandisi wa majengo. Mwashi hapana, mhandisi. Na kama upana wa juu unazidi wa chini, mara nyingi maana yake ni kwamba pembe ya nyumba upande mmoja inashuka.

Sasa toka nje, usimame kwenye pembe hiyo, ujiulize maji yanakwenda wapi. Niliwahi kukagua nyumba yenye ufa kama wako. Mwenyewe alikuwa ameshaelezwa habari za kuchimbua msingi na kumwaga zege jipya. Nikazunguka nyuma: bomba la maji ya bafuni lilizama ardhini hatua moja kutoka pembe ile, na nyasi za hapo zilikuwa kijani kuliko penginepo pote. Tulipochimba tukakuta kiungo kimeachana. Maji yalikuwa yakilowesha udongo chini ya msingi kila mtu alipooga. Bomba likaunganishwa, ufa ukapimwa kwa penseli mwaka mzima, haukuongezeka hata nusu milimita, ndipo ukazibwa. Hadi leo haujarudi.

Kwa hiyo tazama bomba la kushusha maji ya paa: linamwaga mbali au linamwaga miguuni pa ukuta? Ardhi inateremka kutoka nyumbani au inateremkia nyumbani? Kipimo ninachopenda ni mteremko wa sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Kuna mti mkubwa karibu? Udongo ni wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi? Na usiku mmoja funga bilula zote, soma mita ya maji, lala, uisome tena asubuhi kabla mtu hajaenda chooni. Namba ikiwa imesogea, una maji yanayotembea mahali usikopaona.

Mkaguzi, nikishika bilula ya bafuni maji ya moto yakiwa yanatoka, nasikia mtekenyo vidoleni kama siafu. Mume wangu anasema ni kwa sababu sivai ndala. Ni kweli?
*Mama wa watoto wawili*

Dada, simamisha kusoma. Nenda kwenye boksi la umeme, zima swichi ya hita inayochemsha maji hayo, na mtu yeyote asioge kwa maji yake mpaka fundi umeme aliyesomea kazi hiyo afike. Nitakusubiri hapa.

Haya. Shemeji amesema kweli nusu. Ukivaa ndala hutasikia mtekenyo, kama vile mtu aliyekunywa dawa ya maumivu asivyosikia jino lililooza. Umeme bado uko kwenye bomba. Siku ndala zikilowa, au mtoto akiingia pekupeku, utapata njia.

Kinachotokea mara nyingi ni hivi. Ndani ya hita kuna chuma kinachochemsha maji. Kikipasuka au kikiliwa na chumvi za maji, umeme huvuja ndani ya maji. Waya wa ardhi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, kazi yake ni kuuchukua umeme huo na kuupeleka ardhini kabla haujakufikia. Nikifungua soketi na hita za watu, sijui ni mara ngapi nimekuta waya huo umekatwa kwa koleo na kuzungushiwa utepe, kwa sababu fundi aliona "taa inawaka bila huo." Ni kweli taa inawaka. Waya huo haukuwekwa kwa ajili ya taa.

Na hapa pana jambo ambalo wenye nyumba wengi hawajaelezwa. Ile swichi ya kawaida kwenye boksi, inayojikata umeme ukizidi, inalinda nyaya zisiungue. Hailindi mwili wako. Swichi ya ampea 20 haitashtuka kwa ampea 0.1 inayopita kifuani mwa mtu, nayo hiyo inatosha kuua. Kinacholinda watu ni kifaa kingine, kinachopima umeme unaokwenda na unaorudi, na kukata mara tu tofauti ikifika kiasi cha ampea 0.03. Mafundi hukiita RCD. Utakitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Ukikibonyeza kinatakiwa kukata hapohapo. Kisipokata, kimekufa, kibadilishwe. Kibonyeze angalau kila baada ya miezi mitatu. Kama boksi lako halina kitufe hicho, mwambie fundi atakayekuja kwa ajili ya hita aje nacho.

Bafu la wageni halitumiki, lakini linanuka maji taka. Fundi anataka kuvunja vigae.
*Msomaji wa siku nyingi*

Asivunje kitu. Mwaga maji jagi moja kwenye tundu la sakafuni, moja kwenye sinki, na uvute choo. Chini ya kila tundu bomba limekunjwa, na maji yanayobaki kwenye kunjo hilo ndiyo kizuizi cha harufu. Bafu lisipotumiwa wiki kadhaa, maji hayo hukauka. Harufu ikiendelea siku ya tatu, nipigie mbiu tena.

Nataka kununua nyumba. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa, milango miwili ina kufuli za ndani. Naona hapo usalama umekamilika. Unashauri nini?
*Mnunuzi makini*

Kwa mwizi, umekamilika. Kwa moto, umenunua tundu la ndege.

Nina jaribio ninalowafanyia wateja, wengine hucheka mwanzoni. Namwambia mwenye nyumba aingie chumba cha kulala, afumbe macho, atambae, atoke nje ya nyumba. Napima muda. Wengi hufika mlangoni vizuri, kisha huanza kupapasa ukutani wakitafuta msumari wa kutundikia funguo, na ufunguo wenyewe uko mfukoni mwa suruali chumbani. Nilichagua macho kufumbwa kwa sababu moshi ndivyo unavyofanya, na wengi wanaofia ndani ya nyumba zinazoungua huuawa na moshi kabla moto haujawagusa. Unatambaa kwa kuwa hewa inayobaki huwa chini.

Usiitupe nyumba kwa sababu hiyo, lakini kabla ya kulala humo usiku wa kwanza, kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Mchomeleaji hodari huimaliza kazi hiyo upesi. Kisha zijaribu kila baada ya miezi michache. Bawaba zilizopakwa rangi na kuganda ni sawa na kutokuwa nazo. Weka vilevile king'ora cha moshi nje ya vyumba vya kulala. Kama nyumba tayari inacho, kigeuze usome tarehe nyuma: kikipita miaka 10 hakiaminiki. Fungua na pa betri. Mara nyingi nakuta pako wazi, betri ilihamia kwenye saa ya ukutani.

Mtungi wa gesi ukae ndani au nje? Na nitajuaje kama unavuja?
*Mpangaji*

Nje, umesimama wima, penye hewa, mbali na mifereji na mashimo ya sakafuni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa chini na kukusanyika kwenye kona, ikingoja cheche. Kwa asili haina harufu. Ule uvundo umetiwa makusudi ili pua yako ijue, basi iheshimu pua. Kupima: povu la sabuni kwenye regulata, kwenye mpira na kwenye viungo. Viputo vikikua, funga vali. Wako wanaopima kwa kiberiti. Mmoja wao nilimkuta bila nyusi.

Ongezea hili: mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, gesi haiungui sawasawa, na hapo hutoka kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Kichwa kikianza kuuma watu wote nyumbani kwa pamoja, na kupoa wakitoka nje, msitafute dawa. Zimeni kila kinachoungua, fungueni madirisha, tokeni, ombeni msaada.

Mjukuu wangu ameanza kutembea. Nitazame nini kwenye roshani?
*Babu*

Shikamoo mzee. Tazama nafasi kati ya fito za kizuizi: mpira wa kipenyo cha sentimita 10 usipite, maana unakopita mpira kichwa cha mtoto kinaweza kupita. Kama fito zimelala badala ya kusimama, hiyo ni ngazi, na mtoto ataipanda kabla hujaweka chini kikombe chako. Ondoa kiti na vyungu vya maua karibu na kizuizi. Kisha shuka utazame roshani kwa chini. Ukiona madoa ya kutu, au zege limebanduka na nondo zinachungulia, asisimame mtu juu yake. Nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani, na kulisiriba saruji juu yake ni kulifunga jeraha na uchafu.

Nyinyi wakaguzi mnatisha watu ili mpate ulaji. Nyumba yangu ina miaka thelathini, haijakaguliwa, imesimama.
*Asiyeamini*

Ndugu, wako wa namna hiyo, sikatai. Mkaguzi anayekuandikia kasoro sitini kwa herufi za saizi moja, kitasa kilicholegea kando ya waya ulioungua, anakuficha vilevile na yule asiyeandika kitu.

Mimi woga wangu ni mmoja: rangi mpya upande mmoja tu. Nyumba ikipakwa yote, sawa, inauzwa. Ikipakwa ukuta mmoja, au kipande cha dari ukubwa wa meza, nasogea na bisibisi na kugonga. Lakini nimewahi kukosea bila rangi yoyote. Chumba kilikuwa kikavu, sakafu imenyooka, kiputo cha pimamaji, kile kipimo cha usawa, kimetulia katikati. Kwenye ukuta mmoja palikuwa na kabati zito la mbao, limejaa nguo, sikulihamisha kwa kuwa tulikuwa tumechoka na mwenye nyumba alikuwa na haraka. Nikaandika "ukuta mzima." Miezi mitano baadaye mnunuzi alihamisha kabati akakuta njia za udongo za mchwa kutoka sakafuni hadi darini, na fremu ya mlango ulio kando ya ukuta huo ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia kama mkate. Alinipigia simu. Hakupaza sauti, na hilo lilinichoma zaidi. Sehemu ya mbao nilimlipia mimi.

Tangu siku hiyo ripoti zangu zina ukurasa wenye kichwa "Sikuona": nyuma ya kabati fulani, juu ya dari ambako hakuna tundu la kupitia, chini ya zulia lililogandishwa. Wateja wengi huuruka. Ukiletewa ripoti isiyo na ukurasa wa namna hiyo, muulize aliyeiandika alihamisha makabati mangapi.