Presha ya mafuta inaposhuka wakati turbo inapanda

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Forester ya turbo, injini EJ205, nozeli (vinyunyizio vya mafuta) za kiwandani. Buusti (presha ya hewa ya turbo) imepandishwa hadi bar 1.2 na kontroboksi (kompyuta ya injini) imeandikwa upya. Nikikanyaga gia ya tatu, kuanzia mizunguko 5,000 gari linakata, na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta kinaruka kutoka 11.5 hadi 13. Fundi anataka kufunga regyuleta ya presha ya mafuta, ile ya kurekebisha, apandishe presha ya msingi kutoka bar 3 hadi 4. Nimruhusu?
*Msomaji, Tabata*

JIBU: Asifunge kwanza, na wewe punguza buusti leo leo. Mchanganyiko wa 13, yaani mafuta machache mno kwa hewa hiyo, kwenye buusti ya bar 1.2 unavunja kingo za pistoni za injini hiyo bila kukuonya mara mbili, hasa kwa kuwa gari limetoka Japani likitegemea petroli ya premiamu ya huko, ambayo kiwango chao kinataka isipungue oktani 96.

Mafuta yanayopita kwenye nozeli hayafuati presha ya reli (bomba linalozigawia nozeli mafuta) peke yake. Yanafuata tofauti kati ya presha inayoyasukuma kutoka kwenye reli na hewa inayoyapinga ndani ya manifoldi. Hewa ikifika bar 1.2, reli inatakiwa iwe 4.2 ili tofauti ibaki 3. Anayeipandisha ni regyuleta, nayo hupata habari kupitia mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi. Mpira huo ukipasuka au ukichomoka, reli inabaki 3, tofauti inashuka hadi 1.8, na nozeli inapoteza karibu asilimia 22 ya mafuta yake. Mpira wa bei ya soda. Uchomoe uunuse: ukikuta petroli ndani, kiwambo cha regyuleta kimetoboka.

Kisha funga mita ya presha kwenye mpira unaoingia reli. Mita ibaki nje, ibandikwe kwa teipu kwenye kioo cha mbele mbele ya abiria. Mpira wenye petroli hauingizwi ndani ya gari hata kwa dakika moja. Kipimo kifanyike kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari likiwa limesimama), si Barabara ya Bagamoyo saa nane usiku. Mkanyage mara moja tu, mwache mara mchanganyiko unapopita 12.

Reli isipopanda kabisa, rudi kwenye ule mpira. Ikipanda hadi 3.8 halafu ikaanza kushuka kadiri mizunguko inavyoongezeka, kinachokosekana ni wingi wa mafuta: pampu imechoka, filta imeziba, au umeme wa pampu hautoshi. Ikifika 4.2 ikatulia hapo na bado mchanganyiko unakwenda 13, nozeli zimefika mwisho. Ni katika hali hii ya tatu tu ambapo wazo la fundi wako lina mantiki.

Hata hapo, msitegemee makubwa. Mafuta huongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha. Kutoka bar 3 hadi 4 mnapata nyongeza ya asilimia 15 hivi: nozeli ya sentimita za ujazo 440 kwa dakika inakuwa kama 508. Lakini pampu sasa inasukuma dhidi ya bar 5.2 badala ya 4.2, na kila presha inapopanda lita zinazotolewa na pampu zinapungua. Pampu iliyochoka mkiipandishia presha, mafuta yanaweza kupungua badala ya kuongezeka. Na kontroboksi lazima iambiwe nozeli zimebadilika ukubwa, pamoja na muda wake wa kufunguka, vinginevyo gari litakunywa mafuta na kumisi likiwa sailensi. Sisi tungenunua nozeli kubwa na kuiacha presha kwenye 3. Kwa farasi 300 kwenye silinda nne, hesabu nozeli za 550.

Kuhusu umeme: pima voti kwenye plagi ya pampu yenyewe wakati injini inabeba mzigo, si kwenye betri. Ukipata chini ya 12.5 wakati alteneta inatoa 14, vuta waya mpya wa milimita 4 za mraba kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, relei ya ampea 30, na ethi mpya kwenye bodi. Angalizo kwa Subaru zenye kisanduku cha kudhibiti pampu: umeme unaotoka kwenye kisanduku hicho unakatwakatwa kupunguza mwendo wa pampu. Ukiutumia kuamsha relei, relei itatetemeka mpaka iungue. Chukua ishara kabla ya kisanduku.

SWALI: Mark II yangu ya 1JZ nimeifunga pampu ya lita 255 kwa saa na regyuleta ya kurekebisha. Nimelegeza skrubu yote lakini presha haishuki chini ya bar 3.6, mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa. Regyuleta ni feki?
*Msomaji, Kigamboni*

JIBU: Huenda ni nzima. Mafuta mengi yanarudi kuliko njia ya kurudia inavyoweza kuyapitisha. Angalia kama aliyefunga pampu aliipa umeme wa moja kwa moja na kuipita rezista inayoipunguza kasi sailensi. Wengi hufanya hivyo, kisha lawama zinaenda kwa regyuleta. Rudisha mpangilio ule, au badilisha njia ya kurudi iwe na tundu la milimita 8 mpaka kwenye tenki. Kagua pia bomba chini ya gari: jeki ikiwekwa vibaya inalikunja.

Presha ikikubali kushuka, iseti hivi: injini ya moto, sailensi, mpira wa vakyumu umechomolewa na mdomo wake wa manifoldi umezibwa, skrubu hadi bar 3, kaza nati. Rudisha mpira, mita ishuke hadi 2.3 au 2.5. Isiposhuka, mpira hauvuti. Mita za kimiminika hudanganya zikipata joto la injini, kwa hiyo usiihukumu ile iliyokaa kwenye reli baada ya foleni ya Ubungo.

SWALI: Kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani wananiuzia mpira wa mafuta kwa mita, wanasema wote ni mmoja. Kweli?
*Msomaji, Mbagala*

JIBU: Si kweli. Soma maandishi ubavuni. SAE 30R7 ni wa kabureta, mwisho wake ni kama bar 3.4, na wewe ukiwa kwenye buusti umeshapita hapo. Taka 30R9, unaobeba karibu bar 7. Kipande kinachozama ndani ya tenki kiwe 30R10; hata 30R9 ukiloweka kwenye petroli, ganda lake la nje linavimba na kumeguka, na vipande vinaishia kwenye pampu. Klampu ziwe zile za utepe laini usio na matundu, maana za matundu hukata mpira. Zikaze tena injini ikishapoa mara ya kwanza.