Kwa nini masikio huziba gari likiteremka kutoka Kapchorwa?

SWALI: Daktari, mimi ni dereva wa lori, natoa kahawa na viazi Kapchorwa, mlimani huku mashariki mwa Uganda, kupeleka Mbale. Wakati wa kupanda sina shida. Wakati wa kurudi, tukishapita Sipi masikio yanaziba, naisikia injini kama iko mbali, na nikiwa na mafua yanauma kabisa. Tanboi wangu husinzia njiani, na akiamka sikio lake moja huweza kukaa limeziba mpaka jioni. Wenzangu wanasema ni nta, eti nitie mafuta ya taa. Ni kweli? Na mbona kupanda hakuna neno?

JIBU: Nta haijui mteremko, ndugu dereva. Ingekuwa nta, sikio lingeziba hata ukiwa umekaa nyumbani. Kinachokusumbua ni hewa.

Kapchorwa mjini ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Mbale ni kama mita 1,150. Kadiri unavyoteremka ndivyo hewa iliyo juu yako inavyozidi, na uzito wake unakukandamiza zaidi. Kwa safari hiyo yako msukumo wa hewa unaongezeka kwa asilimia 8 hivi. Ukitaka kuuona kwa macho, maliza maji ya chupa ya plastiki ukiwa Kapchorwa, ikaze kifuniko, uiache ndani ya kabini. Mbale utaikuta imebonyea.

Sasa, nyuma ya ngoma ya sikio kuna nafasi ndogo yenye hewa, ndiyo sikio la kati. Hewa ya humo huingia na kutoka kwa njia moja: mrija mwembamba wa kama sentimita 3.5 unaoshuka hadi nyuma ya pua. Unaitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia aliyeueleza katika karne ya 16. Muda mwingi mrija huo umejifunga. Ukimeza mate au ukipiga miayo, misuli ya kaakaa laini inauvuta, unafunguka mara moja na kujifunga tena. Ule mlio mdogo unaousikia ndani ya sikio ndio huo mrija ukifunguka.

Ukipanda, hewa ya nje inapungua nguvu na ile ya ndani ya sikio inajisukuma yenyewe kutoka. Kuta za mrija upande wa pua ni laini, kwa hiyo hewa inayotoka inazitenganisha bila taabu. Ukiteremka mambo yanageuka. Hewa ya nje ndiyo yenye nguvu, lakini badala ya kuingia, inazibana kuta zile zile zikafunga zaidi. Bila misuli kuuvuta mrija, hewa haiingii. Ngoma ya sikio inavutwa kwa ndani, inakazika, inashindwa kutikisika vizuri, ndiyo maana injini unaisikia kwa mbali. Ukiwa na mafua kuta hizo zimevimba, na hapo maumivu yanaanza. Tanboi wako naye, mtu aliyelala humeza mate mara chache sana. Mwamshe kabla ya mteremko, hata akikununia.

Dawa yake ni kuwahi. Anza kumeza mate kabla hujafika Sipi, usingoje sikio lizibe. Kutafuna chingamu au kunywa maji kidogo kidogo kunasaidia. Likigoma, bana pua, funga mdomo, upulize taratibu mpaka usikie limefunguka. Njia hii ina jina la Antonio Maria Valsalva, Mwitalia mwingine, aliyefariki mwaka 1723. Taratibu, narudia, kupuliza kwa nguvu kunaweza kupasua ngoma ya sikio. Ukiwa na mafua mazito usipulize kabisa, utasukuma makamasi hadi ndani ya sikio. Bana pua umeze mate, inatosha.

Kwako wewe unayeshika usukani kuna jambo jingine. Sikio moja likifunguka na jingine likabaki limeziba, kizunguzungu kinaweza kukushika kwa ghafla, kwa sekunde au dakika chache. Kwa barabara ile yenye kona, mambo ya kubana pua na kupuliza yafanye lori likiwa limesimama pembeni.

Ukimpa mama lifti na mtoto akaanza kulia mteremkoni, mwambie amnyonyeshe. Mrija wa mtoto mchanga ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, na kunyonya kunamfanya ameze mfululizo.

Kwa kawaida sikio hufunguka lenyewe baada ya saa chache, likichelewa sana siku moja au mbili. Likipita hapo, au likitoa damu au majimaji, au usikivu ukashuka ghafla, au kizunguzungu kikakataa kuisha, nenda hospitali lichunguzwe kwa taa. Na hayo mafuta ya taa ni ya taa. Yanaunguza ngozi ya tundu la sikio, na kama ngoma imetoboka yataingia hadi ndani kabisa. Hata mafuta ya kupikia usitie kabla hujachunguzwa. Vijiti vya pamba navyo viache dukani, kazi yake kubwa ni kuisukuma nta ndani zaidi.