Simu yasema masikio mazima, mbona yanavuma?

SWALI: Naendesha mashine ya kusaga nafaka hapa Igoma. Nikifunga kazi jioni masikio yanavuma, na mke wangu analalamika redio naiweka juu mno. Nimejipima kwa programu ya simu, ikasema niko sawa. Niiamini? – Msagaji, Mwanza

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Programu haijui hedifoni zako zinatoa sauti ya ukubwa gani. Kifaa cha hospitali hurekebishwa pamoja na hedifoni zake. Tena feni na bodaboda za nje hufunika milio mizito.

Hospitalini huanza kwa kukuchungulia sikio, maana nta iliyoziba huvuruga kipimo chote. Kisha unakaa kwenye chumba kimya, unavishwa hedifoni, unapewa kitufe. Mlio wa kwanza kwa kawaida ni wa hezi 1,000 (hezi zikiongezeka, mlio huwa mwembamba zaidi), nao husikika bila taabu. Ukibonyeza, mpimaji anashusha desibeli 10, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Usipobonyeza anapandisha 5, hadi apate sauti ndogo kabisa unayoisikia walau nusu ya mara anazojaribu. Anaendelea hivyo kwa milio ya hezi 250 hadi 8,000, sikio moja baada ya jingine. Bonyeza hata mlio ukiwa hafifu. Wengine husubiri wapate uhakika, chati ya matokeo ikatoka mbaya kuliko masikio yao.

Kwa mtu wa mashine, jicho la mpimaji huenda kwenye hezi 4,000. Kelele huanza kula hapo na jirani zake, milio mizito ikabaki salama. Ndiyo maana unasikia kwamba mtu anaongea, ila “s” na “f” zinakuponyoka. Halafu hubandikwa kitetemeshi kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ukisikia vizuri kwa mfupa kuliko kwa hedifoni, tatizo ni nta, usaha au ngoma ya sikio iliyotoboka, na mengi ya hayo hutibika. Usikivu ukishuka sawa kwa mfupa na kwa hedifoni, sikio la ndani limeumia. Seli zake za vinyweleo, zinazonasa sauti, hazioti tena kwa binadamu. Kuku huziotesha upya, jambo lililogunduliwa miaka ya 1980, na watafiti hawajaacha kuwaonea wivu.

Nenda Hospitali ya Bugando, kitengo cha masikio, pua na koo. Nenda asubuhi, kabla hujawasha mashine, kwa sababu kelele ya saa chache zilizopita hupunguza usikivu kwa muda. Na kama pale mashineni lazima upaze sauti kwa mtu aliye mita moja nawe, hesabu kelele imefika desibeli 85 au zaidi. Kwa 85 mwisho ni saa 8 kwa siku; kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2. Vaa vizibo vya sponji, uvisokote viingie ndani. Pamba ya dukani ni kujidanganya.

SWALI: Mjukuu wangu wa miezi mitatu hashtuki mlango ukibamizwa. Atapimwaje naye hawezi kubonyeza kitu? – Bibi, Ukerewe

JIBU: Shikamoo bibi. Sikio zima likipigiwa mlio hurudisha mwangwi hafifu, kama mwanasayansi David Kemp alivyoonesha London mwaka 1978. Kizibo chenye maikrofoni ndogo huunasa kwa dakika chache, mtoto akiwa amelala. Mwangwi ukikosekana si lazima awe kiziwi. Hata majimaji nyuma ya ngoma huuzima. Hapo hubandikwa nyaya kichwani kusoma kama neva inapeleka sauti kwenye ubongo. Anyonyeshwe kwanza ili alale, na msingoje aanze kuongea: akikutwa na tatizo, msaada unatakiwa uanze kabla ya miezi 6.