Nalipwa kila wiki nne: mbona Universal Credit yangu imeshuka ghafla?

SWALI: Mshauri, naishi Uingereza, ni mfanya usafi na nalea watoto wawili peke yangu kwenye nyumba ya kupanga. Mwajiri hunilipa kila baada ya wiki nne, kiasi kilekile cha paundi 1,100 baada ya makato. Mwezi uliopita Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, ilishuka kwa paundi 605, na sijaongezewa hata saa moja ya kazi. Wamekosea hesabu? Nifanye nini?

JIBU: Dada, hesabu iko sawa kwa mujibu wa kanuni. Kinachokuumiza ni kanuni yenyewe.

Universal Credit hupigiwa hesabu kwa kipindi cha mwezi mmoja wa kalenda, kinachoanza tarehe ileile kila mwezi. Mwaka una vipindi 12, lakini anayelipwa kila wiki nne hupokea mishahara 13. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka mishahara miwili huangukia kipindi kimoja, na mfumo huiona kama mapato ya mwezi huo yameongezeka maradufu.

Kwa viwango vya 2025/26, mzazi anayesaidiwa kodi ya nyumba haguswi kwenye paundi 411 za kwanza za mshahara. Kila paundi inayozidi hapo hukata peni 55 za msaada. Kwa mshahara mmoja wa 1,100 unakatwa paundi 378.95. Ikiingia miwili unakatwa 983.95. Tofauti ni hizo paundi 605 zako.

Wizara ya Kazi na Pensheni hujibu kwamba ukijumlisha mwaka mzima hujapunjwa. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini mwenye nyumba hangoji mwaka uishe, na mtu asiye na akiba hana cha kuziba pengo la paundi 605. Hapa ndipo naona mageuzi ya sheria ya 2012, iliyoleta Universal Credit, yalipowakosea maskini. Kuunganisha mafao sita kuwa moja lilikuwa wazo zuri, na kupunguza makato kutoka peni 63 hadi 55 kwa kila paundi mwaka 2021 kumewasaidia wengi wanaofanya kazi. Ila mfumo ulijengwa kwa kumfikiria mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi, ilhali wasafishaji, walezi na watu wa maghala wengi hulipwa kwa wiki, wiki mbili au nne.

Mwaka 2020 akina mama wanne walishinda kesi ya mishahara miwili kuhesabiwa kipindi kimoja kwenye Mahakama ya Rufaa, na kanuni ikabadilishwa ili mshahara mmoja uweze kuhamishiwa kipindi kingine. Bahati mbaya nafuu hiyo ni ya wanaolipwa kwa mwezi wa kalenda tu, ambao siku yao ya malipo husogea kwa sababu ya wikendi au sikukuu. Wewe haikufikii.

Kwa hiyo, kwanza fungua taarifa ya malipo kwenye akaunti yako ya mtandaoni na ulinganishe tarehe na kiasi cha kila mshahara na hati zako za mshahara. Ukiona mshahara ambao hukupokea, au tarehe isiyo sahihi, andika ndani ya mwezi mmoja uombe uamuzi uangaliwe upya.

Kisha muulize mwajiri kama anaweza kukuhamishia malipo ya kila mwezi. Hiyo ndiyo dawa hasa. Akikataa, chukua kalenda, uhesabu kila siku 28 kuanzia mshahara wako wa mwisho, na utauona mapema mwezi wa mishahara miwili utakaofuata. Mwandikie mwenye nyumba kabla kodi haijachelewa, si baadaye, na uliza halmashauri kama punguzo lako la Council Tax, yaani kodi inayotozwa na halmashauri, nalo limebadilika.

Msaada ukishuka hadi sifuri, dai linaweza kufungwa. Hapo usikae. Ndani ya miezi sita unaweza kudai tena bila kuanza upya kabisa, na vipindi vyako hubaki vilevile. Lakini lazima wewe mwenyewe uombe, na kila siku unayochelewa inaweza kukugharimu.