Dawson City, Yukon: usiende Mei, na usiende kwa siku moja

Mkuu, umeuliza kama mwezi Mei unaweza kutoka Whitehorse, mji mkuu wa Yukon huko Kanada, asubuhi, ukaiona Dawson City na kurudi usiku huohuo. Usijaribu. Kwenda tu ni kama kilomita 530, saa sita hadi saba barabarani, na kwa sehemu kubwa ya Mei vivutio vingi bado vimefungwa. Nenda kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti, ulale siku mbili au tatu. Vyumba ni vichache, hasa wikendi ya tamasha la muziki la Julai na ile ya Siku ya Ugunduzi (Jumatatu ya tatu ya Agosti), kwa hiyo wahi kuweka nafasi.

Jaza tangi kijiji cha Carmacks, njiani, hata kama bado una nusu. Pakua ramani mapema, maana ukishaacha vijiji mtandao unakata. Tairi ya akiba iwe na upepo: barafu iliyo chini ya ardhi huinua na kubomoa lami, hivyo utakutana na vipande virefu vya changarawe.

Barafu hiyohiyo ndiyo imepinda nyumba za mjini. Ardhi ya pale imeganda mwaka mzima. Ukijenga juu yake na kuwasha jiko, joto linapenya ardhini, udongo unayeyuka upande mmoja na nyumba inazama upande huo. Pale Third Avenue utaona majengo ya zamani yaliyoegemeana kama walevi wawili. Nyumba mpya huinuliwa juu ya magogo ili hewa baridi ipite chini. Mitaa haina lami na njia za miguu ni za mbao, basi acha viatu vya ngozi.

Lakini dhahabu iliyoupa mji huu jina haikuwa mjini. Iko bondeni Bonanza Creek, na huko unahitaji gari. Kama kilomita 13 juu ya barabara ya bonde kuna Dredge No. 4, mtambo wa mbao uliokuwa ukielea, wenye mnyororo wa ndoo za kuchota changarawe. Ulijengwa 1912 ukafanya kazi hadi 1959. Ile milundo ya mawe uliyoipita njiani ni masalia ya mitambo ya aina hiyo. Mbele zaidi ni kitalu cha Discovery Claim, ilikopatikana dhahabu Agosti 1896. Wengi waliofika 1898 kuisaka walikuta vitalu vyote vizuri vina wenyewe.

Karibu na hapo, kwenye kitalu cha Claim 6, watalii huruhusiwa kuosha mchanga bure kutafuta dhahabu. Wazee wa Chunya waliozoea machimbo ya dhahabu hawatahitaji somo hili, wengine sikilizeni. Karai lisiwe na mafuta, hata ya mikono, kwa sababu vumbi laini la dhahabu litaelea na kuondoka na maji. Jaza mchanga theluthi mbili, zamisha majini, vunja madongo ya mfinyanzi kwa vidole, tupa mawe. Kisha tikisa kushoto na kulia, karai likiwa limelala, mpaka vizito vishuke. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanainamisha kabla ya kutikisa, dhahabu inatoka na kokoto. Inamisha kidogo, acha maji yachukue tabaka la juu, tikisa tena. Ukibaki na mchanga mweusi, punguza maji yawe vijiko vichache na uzungushe polepole. Maji ni ya baridi kali, vaa glavu za mpira.

Usiache kutembelea kituo cha utamaduni cha Dänojà Zho kando ya mto. Ni cha Tr'ondëk Hwëch'in, wenyeji waliosukumwa hadi kijiji cha Moosehide wachimbaji walipofurika.

Kuhusu kuvukia Alaska: pantoni ya mto Yukon ni bure, ila mpaka ule hufunguliwa kiangazi tu, nao haukeshi. Saa za Alaska ziko nyuma kwa saa moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya awe na viza ya Marekani tayari, na viza ya Kanada inayomruhusu kurudi. Pale mpakani viza haitolewi.